Vifuko vya Kimelea cha Malaria na Saa za Mtoto Mwenye Degedege

(Nakala ya mhadhara)



Mada yetu inahusu kiumbe kisichoonekana kwa macho, ambacho katika kila kizazi kimewazika watoto wa pwani yetu. Kiumbe hicho ni kimelea cha malaria, na hasa kile kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho chanzo cha sehemu kubwa mno ya malaria ya Tanzania. Huenda msikilizaji akauliza: mtu wa Muheza, Pangani au Mkinga aambiwe nini kipya kuhusu malaria, ilhali ameiugua tangu utotoni? Jawabu letu ni kuwa homa tunaijua, lakini kazi inayofanyika ndani ya damu kabla na baada ya homa hatuijui. Na kwa kutoijua kazi hiyo, mtoto aliyeshikwa na degedege bado huzungushwa huku na huku usiku kucha, akafikishwa hospitali alfajiri akiwa hana fahamu.

Tunaposema kiumbe cha seli moja, tunakusudia kiumbe ambacho mwili wake wote ni seli hiyo hiyo. Hakina mkono, hakina jino, hakina tumbo. Kimelea cha malaria kinapokuwa nje ya seli nyekundu ya damu, kikitafuta nyingine ya kuingia, urefu wake ni kiasi cha maikromita moja hivi. Ukivipanga elfu moja kwa mstari ndipo utapata takriban milimita moja. Basi kiumbe cha namna hiyo kinavunjaje mlango wa seli iliyo kubwa kuliko chenyewe mara kadhaa, kikakaa humo, na kikatoka?

Kinafanya hivyo kwa protini. Ndani ya seli yake mna kiwanda ambamo protini hutengenezwa na kukunjwa, kisha hupelekwa mahali pa kufungashwa, na hatimaye hutiwa ndani ya vifuko vidogo vilivyozungukwa na utando. Vifuko hivi si vya namna moja. Kwenye ncha ya mbele mna viwili vikubwa kuliko vingine, vyenye umbo la tone la maji, navyo wataalamu wanaviita roptri. Kando yake mna vidogo vingi viitwavyo maikronemu. Viko vingine viitwavyo eksonemu, ambavyo havikutambuliwa hadi mwaka 2007, na viko vilivyopewa jina la chembe nzito. Kila namna ina shehena yake, na kila shehena ina wakati wake wa kuteremshwa. Aliyewahi kutazama jahazi likipakiwa atafahamu haraka: mzigo wa bandari ya kwanza hauwekwi chini ya mzigo wa bandari ya mwisho. Mfano huu hautimii kila upande, lakini unatosha kwa kuanzia.

Tuanze na kutoka. Kimelea kikishaingia ndani ya seli nyekundu hukaa humo kwa muda wa saa 48 hivi, kikila hemoglobini na kujigawa, mpaka kinakuwa vimelea 16 hadi 32. Kisha seli hupasuka, vyote humwagika katika damu, na mgonjwa hutetemeka kwa baridi. Matabibu wa zamani walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina, waliziainisha homa kwa siku zake za kurudi, na moja wakaiita ghibb, yaani ile inayokuja siku moja na kuacha siku moja. Sababu waliyoitaja, kuharibika kwa nyongo, haikusimama. Lakini hesabu yao ya siku ilikuwa sahihi: ni hizi saa 48, ingawa kwa kimelea cha falciparum homa mara nyingi huvuruga ratiba na kuja kila siku.

Seli haipasuki kwa kujaa kama mfuko uliozidishiwa mchanga. Hupasuliwa. Kiasi cha dakika kumi kabla ya saa yenyewe, amri hutolewa ndani ya kimelea, na eksonemu humwaga kimeng'enya kiitwacho SUB1. Kimeng'enya hiki ni kama kisu. Lakini hakiwi kisu tangu siku ya kutengenezwa; hutoka kiwandani kikiwa na kipande cha ziada kinachokizuia kukata, na kimeng'enya kingine, plasmepsini ya kumi, ndicho kinachoshiriki kukiondolea kizuizi hicho. Lau kingekuwa kikali tangu mwanzo, kingeweza kukata kisichotakiwa kukatwa. Kinapomwagwa, hukata protini kadhaa zilizokuwa zikingoja nje ya kimelea. Utando wa ndani huvunjika, kisha utando wa seli yenyewe, na mateka wanakuwa huru. Tunasema mateka kwa mazoea ya lugha tu. Hao ndio watekaji.

Sasa kuingia. Kimelea kilicho nje ya seli kina dakika chache tu kabla hakijapoteza uwezo wa kuingia. Huko nje kinaonekana na askari wa mwili, yaani kingamwili, ambazo hukishika na kukizuia. Hivyo kazi yote ya kugusa, kujigeuza mpaka ncha ielekee seli, kushika, na kuzama ndani, kwa kawaida humalizika katika dakika moja au mbili. Maikronemu humwaga kwanza protini za kushikia. Halafu roptri hufunguliwa. Miongoni mwa zitokazo humo ni protini iitwayo RH5, ambayo hujifunga na protini ya seli nyekundu iitwayo basigini. Mwaka 2011 ndipo wataalamu walipobainisha kuwa bila ya mafungamano hayo mawili kimelea cha falciparum hakiingii, na hali ilikuwa hiyo hiyo kwa kila jamii ya kimelea hicho waliyoijaribu.

Na hapa pana jambo ambalo sisi tulipolisoma mara ya kwanza tulilirudia. Ili kizame ndani, kimelea kinahitaji kishikio imara katika ngozi ya seli. Kishikio hicho hakikitegemei kwa mwenyeji. Roptri hutoa protini iitwayo RON2 na wenzake, zikapandikizwa katika utando wa seli nyekundu. Kisha protini nyingine, AMA1, iliyotoka katika maikronemu na kubaki juu ya kimelea chenyewe, huishika ile RON2. Ni sawasawa na mtu anayekuja kwenye nyumba ya watu akiwa na bawaba zake mfukoni, akazipigilia ukutani kwa mwenye nyumba, kisha akajivuta kwazo kuingia.

Akishaingia anaanza kuigeuza nyumba. Hapa ndipo yalipo maangamizi ya watoto wetu, nasi tunaomba msikilizaji avumilie kidogo.

Seli nyekundu haina kiini wala kiwanda cha protini. Ni mfuko wa hemoglobini. Kimelea kinachoishi humo lazima kisafirishe protini zake chenyewe, kupita utando wake na utando wa chumba kilichomo, hadi kwenye ngozi ya nje ya seli. Mamia ya protini husafirishwa hivyo. Nyingi kati yake hutengenezwa zikiwa na alama fupi karibu na mwanzo wake. Wanafunzi wa sarf watatuelewa: katika neno mna herufi za asili na mna herufi za ziada, na ile ya ziada ndiyo inayokuonyesha neno linaelekea wapi. Mwaka 2010 ilibainika kuwa kimeng'enya kiitwacho plasmepsini ya tano huikata alama hiyo mahali maalumu, mle mle ndani ya kiwanda, na protini iliyokatwa vyema ndiyo inayopata ruhusa ya safari. Mlango wenyewe inaopitia, uliojengwa kwa protini zilizotoka katika zile chembe nzito, ulikuwa umeelezwa mwaka mmoja kabla. Ni kama karani anayechana kipande cha hati. Asiyechanwa kipande hapiti.

Miongoni mwa mizigo inayofika nje ni ile inayojenga vinundu juu ya ngozi ya seli, na juu ya vinundu hivyo hupachikwa protini iitwayo PfEMP1. Hii ni gundi. Kimelea kina nakala takriban 60 za jeni zake, kila moja na sura yake, nacho hutumia moja kwa wakati. Mwili ukishaijua sura hii, baadhi ya vimelea huwa vimeshavaa nyingine. Gundi huanza kuonekana nje kati ya saa 16 na 20 baada ya kimelea kuingia. Kuanzia hapo seli iliyoambukizwa haizunguki tena na damu kwenda kwenye bandama, ambako ingechujwa. Hunata katika kuta za mishipa midogo. Ikinata katika mishipa ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu na hushikwa na mitukutiko. Mwaka 2013 wataalamu waliobainisha mahali zinaponata seli za malaria kali zaidi walitumia vimelea kutoka kwa watoto wa Tanzania. Kwa mama mwenye mimba, hasa ya kwanza, gundi ya namna nyingine hunata katika kondo la nyuma, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo sababu mtu mzima aliyezoea malaria akawa haimwangushi, akishika mimba huanguka tena: sura ile mwili wake haujapata kuiona.

Zingatieni maana yake. Vimelea vilivyokomaa vimejificha katika mishipa ya ndani, na tone la damu lililochukuliwa kidoleni linaonyesha zaidi vile vichanga. Hesabu ndogo kwenye kioo cha darubini si dalili ya usalama. Mzazi anayesema "jana walipima wakakuta wadudu wawili tu" ameambiwa kweli, na bado hajaambiwa habari yote.

Sasa tuseme wazi. Katika pwani hii, na Bagamoyo na kwingineko, watu wengi wamelinasibisha degedege na ndege, au pepo anayekuja kwa sura ya ndege akampitia mtoto. Mtoto hufukizwa, hufungwa hirizi, na wazee hukataza asipelekwe hospitali kwa kuwa, wanasema, mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Itikadi ya hirizi tumeizungumza mara nyingi na leo hatutairudia. Hili la sindano ndilo tunalolitaka. Hatusemi kuwa waliolisema waliongopa; waliona watoto wakichomwa sindano na wakafa. Lakini walikuwa wamefikishwa lini? Gundi ilikuwa imeshashika kwa saa ngapi?

Jambo hili halikuachwa kuwa la kubishana barazani. Baina ya miaka ya 2005 na 2010 watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi tisa za Afrika, walitibiwa kwa sindano: nusu kwa kwinini, nusu kwa artesuneti. Moja ya hospitali zilizoshiriki ni Hospitali Teule ya Muheza, iliyo karibu nasi kiasi cha kwenda na kurudi kwa siku moja. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9. Waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5. Kwa hiyo kati ya kila watoto mia moja waliofikishwa wakiwa na malaria kali, takriban tisini au zaidi walinusurika, na wote walichomwa sindano. Na tofauti ya dawa hizo mbili inaelezeka kwa haya tuliyoyataja: kwinini hupiga zaidi vimelea vilivyokomaa, ambavyo vimeshanata, artesuneti hupiga hata vile vichanga, kabla gundi haijafika nje. Dawa hiyo ndiyo iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2011. Na kama hospitali ni mbali, iko artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto aliye chini ya miaka sita. Hiyo ni ya kumvusha njiani, si badala ya hospitali.

Wala si kila degedege ni malaria. Huenda ikawa homa ya uti wa mgongo, huenda ikawa homa nyingine, na anayeweza kutofautisha ni mwenye kupima. Sisi hatumkatazi mzazi kumsomea mwanawe. Amsomee, lakini amsomee akiwa ndani ya gari au juu ya pikipiki, njiani kwenda hospitali.

Yapo mengine yaliyotoka Muheza, nayo hayasemwi sana misikitini. Kuanzia mwaka 2002 kina mama waliojifungulia katika hospitali ile ile waliombwa kuingia katika uchunguzi wa miaka kadhaa, wao na watoto wao. Uliongozwa na Patrick Duffy na Michal Fried, pamoja na wataalamu wetu wa Tanzania, wakiwemo Theonest Mutabingwa na Edward Kabyemela. Watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa, wakichukuliwa damu mara kwa mara. Tunawaomba mkumbuke kuwa hii ni pwani ya fununu za mumiani, ambako mtu wa kuchukua damu amekuwa akikimbiwa tangu zama za babu zetu. Kina mama wale hawakukimbia.

Swali lilikuwa hili: katika kijiji kimoja, chenye mbu wale wale, kwa nini mtoto huyu wa miaka miwili anaugua sana na yule haugui? Jonathan Kurtis na wenzake walichukua damu za watoto waliohimili na za wale wasiohimili, wakatafuta ni protini zipi za kimelea zinazotambuliwa na kingamwili za wenye kuhimili peke yao. Mwaka 2014 walitangaza moja, wakaiita SEA-1. Katika watoto 453 waliopimwa, hakuna aliyepata malaria kali katika muda ambao damu yake ilikuwa na kingamwili za protini hiyo. Waliitakidi kuwa kazi yake ni kukisaidia kimelea kutoka katika seli. Lakini mwaka 2021 wataalamu wengine walionyesha kuwa inafanya kazi ndani ya kiini cha kimelea, wakati wa kujigawa. Elimu ya namna hii hujirekebisha, na hatuoni aibu kuwatajia yote mawili.

Mwaka 2020, kutokana na watoto wale wale, ikatangazwa ya pili, iitwayo GARP. Hii inaafikiana moja kwa moja na maelezo yetu, kwani ni protini ambayo kimelea huisafirisha hadi kwenye ngozi ya nje ya seli nyekundu. Huko inaonekana. Kingamwili zikiishika, kimelea kilichomo ndani hujiua. Na watoto wa Muheza waliokosa kingamwili hizo walikuwa na hatari ya malaria kali mara mbili na nusu kuliko waliokuwa nazo. Kimelea kilituma mzigo nje kwa haja yake, na mzigo huo huo ukakitoa hadharani.

Kuhusu chanjo tutasema kwa ufupi. Ziko mbili zilizokwisha kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani: RTS,S mwaka 2021, na R21 mwaka 2023. Ya kwanza ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo miongoni mwa vituo 11 vya Afrika, na ya pili ilijaribiwa Bagamoyo pia. Zote mbili zinalenga protini inayokifunika kimelea pale kinapotoka kwa mbu na kabla hakijaingia katika ini. Kinga yake si kamili. Katika majaribio makubwa ya RTS,S, watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na wakapata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Chandarua, basi, hakijastaafu.

Lakini tumeitaja RH5, ile ya ndani ya roptri, na hatukuimaliza. Protini hiyo hufichwa ndani ya kifuko mpaka kimelea kinapoigusa seli. Hukaa nje muda mfupi kiasi kwamba mwili hauna nafasi ya kuisoma. Hata mtu mzima aliyezaliwa na kukulia Tanga, aliyeng'atwa na mbu kwa miaka arobaini, kwa kawaida ana kingamwili chache sana za RH5. Alichokificha kimelea kwa ugonjwa, chanjo inaweza kukifundisha bila ugonjwa: mwili unaonyeshwa RH5 mapema na kwa utulivu, ili kingamwili ziwe zimeshajaa siku roptri itakapofunguliwa. Chanjo ya namna hiyo imejaribiwa Burkina Faso, na katika matokeo yaliyotangazwa Desemba 2024, mpangilio mmoja wa dozi ulipunguza malaria kwa asilimia 55 katika miezi sita. Kabla ya hapo, Taasisi ya Afya Ifakara ilikuwa imejaribu chanjo ya RH5 huko Bagamoyo kwa watu wazima, kwa watoto, na kwa wachanga. Waliotoa kingamwili nyingi kuliko wote hawakuwa watu wazima waliozoea malaria. Walikuwa wachanga wa miezi 6 hadi 11.

Wabillahi tawfiq.